Aliyempangia Mwanao Sayansi



Kila mwaka, siku yanapotangazwa matokeo ya mtihani wa kitaifa wa mwaka wa tatu wa sekondari, hapa Nyakiriba kazi nyingi husimama. Mzazi aliyekuwa akipalilia viazi huliacha jembe shambani akapanda kilimani kutafuta mtandao. Simu moja huzungukwa na vichwa sita. Swali la kwanza huulizwa kwa sauti: amepata alama ngapi? Swali la pili huulizwa kwa sauti ya chini, nalo ni zito kuliko la kwanza: wamempangia nini, na wapi?

Jibu la swali hilo la pili ndilo linaloelekeza maisha. Mtoto aliyepangiwa fizikia, kemia na hisabati atafungua milango ambayo aliyepangiwa historia na jiografia hataifungua, na kinyume chake ni kweli pia. Aliyepangiwa masomo ya sayansi katika shule isiyo na maabara atapewa jina la mwanasayansi, lakini hatapewa chombo cha kazi. Kwa hiyo si ajabu wazazi kukesha.

Leo ninakuomba tuache kwa muda orodha ya mwaka huu, tutazame nyuma. Katika nchi yetu, suala la nani asome sayansi, na nani apange hivyo, lina historia ndefu na yenye majeraha. Raia asiyeijua historia hiyo huweza kuipokea orodha kama mvua inyeshavyo: ikija nyingi hushukuru, ikikosekana hulalamika, wala haulizi inatoka wapi. Lakini orodha haitoki mbinguni. Huandikwa na watu, kwa kufuata kanuni zilizotungwa na watu, na kilichotungwa na watu kinaweza kuulizwa.

Sayansi ilipokuja kwa mlango mmoja

Shule za kwanza za kizungu nchini zilifunguliwa na wamisionari. Mapadri Weupe walifika Save mwaka 1900, na mwaka 1901 wakaanzisha misheni ya Nyundo, ambayo kwa miguu si mbali na hapa tulipo. Waliokwenda kujifunza huko walifundishwa kusoma, kuandika, kuhesabu na dini. Sayansi kwa maana tunayoijua leo, yaani somo lenye majaribio, vipimo na ushahidi, ilikuwa bado.

Ilikuja na Shule ya Astrida, mji ambao baadaye uliitwa Butare na ambao leo uko katika wilaya ya Huye. Shule hiyo iliasisiwa mwaka 1929 chini ya utawala wa Wabelgiji, ikakabidhiwa Mabruda wa Upendo kutoka Ghent, na wanafunzi wake wa kwanza wakaingia mwaka 1932. Ilihudumia Rwanda na Burundi kwa pamoja. Humo kulikuwa na matawi kadhaa: utawala, usaidizi wa tabibu, utabibu wa mifugo na kilimo. Ukiyatazama vyema, utaona kwamba matatu kati ya hayo manne ni matawi ya sayansi. Wahitimu wake walisifika nchi nzima, wakaitwa Indatwa, yaani watu wa kujivunia.

Sasa jiulize, msomaji: ni nani aliyeingia katika mlango huo? Wabelgiji walikuwa wameamua kutawala kupitia tabaka la machifu, na walikuwa wameamini nadharia, iliyojiita ya kisayansi, kwamba Watutsi walizaliwa kutawala na Wahutu walizaliwa kulima. Walipima pua na urefu wa watu, kisha katika miaka ya 1933 na 1934 wakaandika katika vitambulisho nani ni nani. Kwa hiyo Shule ya Astrida ilijazwa zaidi na watoto wa machifu wa Kitutsi. Watoto wa Kihutu walikuwa wachache mno, na wa Kitwa ni kama hawakuwapo. Mtutsi maskini asiye mtoto wa chifu naye hakuwa na njia rahisi ya kufika huko.

Hapa pana kinaya ambacho sitaki kikupite. Sayansi ya kweli husema: pima, linganisha, kisha uamue kwa ushahidi. Mlango wa kuingia katika shule ya sayansi, hata hivyo, ulilindwa na sayansi ya uongo iliyoamua kabla ya kupima. Mtoto mwenye akili ya hesabu katika kilima cha Nyakiriba hakushindwa mtihani wa Astrida. Hakuufanya kamwe.

Hata aliyeingia hakufika mbali alikotaka. Mhitimu wa tawi la tiba aliitwa msaidizi wa tabibu. Aliweza kuchoma sindano, kufunga vidonda na kuendesha zahanati, ila cheo cha daktari hakikuwa chake. Majirani wa Uganda walikuwa na Makerere tangu mwaka 1922. Huko Kongo, Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954. Katika Rwanda hakukuwa na chuo kikuu mpaka uhuru ulipopatikana. Mfumo uliwapanga watu mara mbili: kwanza ukaamua nani aingie, kisha ukaamua aliyeingia asimame wapi.

Uhuru, na mizani iliyogeuzwa upande wa pili

Tarehe 1 Julai 1962 Rwanda ilipata uhuru. Mwaka 1963 Chuo Kikuu cha Taifa kilifunguliwa Butare kwa msaada wa Wadominiko kutoka Quebec, Kanada. Kilianza na wanafunzi 51 na walimu 16, katika vitivo vya tiba na sayansi ya jamii pamoja na shule ya ualimu. Idadi hiyo ni ndogo kuliko darasa moja la shule zetu za leo, lakini kwa mara ya kwanza Mnyarwanda aliweza kuusomea udaktari ndani ya nchi yake.

Tungetegemea kwamba taifa lililodhulumiwa kwa kupangwa kwa asili lingeifuta dhuluma hiyo. Halikuifuta. Liligeuza mizani, uzito ukahamia upande wa pili. Februari 1973, orodha za majina zilibandikwa katika Chuo Kikuu na katika shule nyingi za sekondari, zikiwataja wanafunzi Watutsi waliotakiwa kuondoka. Wengine walikuwa wamebakiza miezi michache wahitimu. Wengi walikimbilia Burundi, Zaire na Uganda. Tazama, ndugu msomaji, jinsi karatasi iliyobandikwa ukutani inavyoweza kuwa silaha.

Julai mwaka huo huo, Jenerali Juvénal Habyarimana alichukua madaraka. Vurugu za shuleni zilitulizwa, lakini badala yake ukaja utaratibu wa ofisini. Uliitwa iringaniza, neno la Kinyarwanda lenye maana ya kusawazisha. Jina zuri! Nani angepinga usawa? Katika mageuzi ya elimu ya mwaka 1978 na 1979, utaratibu huo ulitiwa mizizi: nafasi za sekondari zikagawanywa kwa asilimia kulingana na kabila lililoandikwa katika kitambulisho, na kulingana na mkoa. Watutsi walitengewa takriban nafasi 1 katika kila 10. Alama za mtihani ziliendelea kuwapo, lakini zilisomwa baada ya mambo mengine kusomwa kwanza.

Sisi wa eneo hili tuna wajibu wa kusema ukweli wote. Mikoa iliyopendelewa zaidi ilikuwa Gisenyi na Ruhengeri, maeneo walikotoka rais na wakuu wengi wa utawala wake. Nyakiriba ilikuwa ndani ya Gisenyi. Basi mtu wa kusini alipolalamika kwamba mwanawe amenyimwa nafasi kwa sababu ya alikozaliwa, nafasi hiyo huenda ilikuja upande wetu. Lakini usikimbilie kudhani kwamba kila mtoto wa Gisenyi alifaidika. Mtoto wa Kitutsi wa Gisenyi, wakiwamo Wabagogwe wa nyanda hizi za volkano, alibanwa na asilimia za kabila. Mtoto wa mkulima wa Kihutu asiye na ndugu ofisini naye aliona nafasi ya mkoa wake ikienda kwa mtoto wa aliyejuana na wakubwa. Ukishaondoa alama mezani, kinachobaki ni kujuana. Na kujuana hakugawiwi kwa usawa hata miongoni mwa wanaopendelewa.

Walioshindwa kuingia sekondari, ambao walikuwa wengi mno, walielekezwa katika vituo vya kufundishia kilimo na ufundi vijijini, vilivyojulikana kwa ufupisho wa Kifaransa CERAI. Kulima na kuchonga ni kazi za heshima. Aibu ni kumpeleka mtoto huko bila kumweleza kwa nini, hali mwenzake mwenye alama chache amepelekwa maabara.

Mwalimu wa kemia aliyeondoa mgao

Sasa nikusimulie habari za mwanamke mmoja, kwa maana historia ya upangaji wa masomo nchini haiwezi kusimuliwa bila yeye.

Agathe Uwilingiyimana alizaliwa mwaka 1953 katika eneo la Butare. Alisoma katika shule ya wasichana ya Notre Dame de Cîteaux, akawa mwalimu wa hisabati na kemia, kisha akapata shahada ya kemia katika Chuo Kikuu cha Taifa mwaka 1985. Wakati huo mwanamke wa Kinyarwanda mwenye shahada ya sayansi alikuwa kitu cha nadra, na wako waliomnong'onea kwamba kemia si kazi ya kike. Aliifundisha kwa miaka kadhaa huko Butare.

Aprili 1992, shinikizo la vyama vingi lilipozaa serikali ya mseto, Agathe aliteuliwa kuwa Waziri wa Elimu. Moja ya mambo ya kwanza aliyoyafanya lilikuwa kuuondoa mgao wa kikabila. Aliamuru nafasi za shule za umma zigawiwe kwa kufuata alama za mtihani, kwa orodha iliyo wazi. Yeye mwenyewe aliandikwa Mhutu katika kitambulisho. Kwa hesabu za wanasiasa wa siku zile, hakuwa na faida ya kufanya hivyo. Alifanya kama mwalimu wa kemia afanyavyo maabara: mizani ikikosea, huirekebisha kwanza, ndipo apime.

Alilipia. Mwaka huo huo watu wenye silaha walimvamia nyumbani kwake na kumpiga. Hakurudi nyuma. Julai 1993 akawa Waziri Mkuu, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo nchini. Asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994, saa chache tangu kuanza kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, askari walimwua. Askari 10 wa Ubelgiji waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa, waliotumwa kumlinda, waliuawa siku hiyo hiyo. Leo jina lake limo katika orodha ya mashujaa wa taifa, katika daraja la Imena.

Nakuomba uushike mfano huu. Kanuni ya kumpangia mtoto nafasi kwa alama alizozipata, ambayo leo tunaiona ya kawaida kama kupiga mswaki, ilikuwa na maadui wenye silaha. Kuna mtu aliisimamia akijua hatari yake.

Katika daraja hilo hilo la Imena wamo wanafunzi wa sekondari ya Nyange, katika mkoa wetu huu wa Magharibi. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, washambuliaji waliingia darasani wakawataka wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi walikataa, wakajibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Baadhi yao waliuawa. Hawakuwa wamesoma waraka wowote wa sera. Walikataa kupangwa.

Mlango ulivyopanuliwa

Baada ya mwaka 1994 kabila liliondolewa katika vitambulisho na katika fomu za shule. Likaundwa baraza la kitaifa la mitihani. Kazi hiyo baadaye ilihamia katika Bodi ya Elimu, na tangu mwaka 2020 iko mikononi mwa mamlaka ya mitihani na ukaguzi wa shule ijulikanayo kwa ufupisho NESA. Mtahiniwa akawa namba, na namba haina kabila wala kilima.

Sayansi nayo ikapewa kipaumbele. Mwaka 1997 Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Kigali ilifunguliwa. Mwaka 1999 ikaanzishwa shule ya wasichana ya FAWE, iliyolenga kuwaingiza wasichana katika sayansi. Dira ya 2020 iliyotangazwa mwaka 2000 ikasema waziwazi kwamba nchi isiyo na madini mengi wala bahari itategemea maarifa ya watu wake. Mwaka 2009 elimu ya msingi ya miaka 9 ikawekwa kwa wote, na mwaka 2012 ikafikishwa miaka 12. Shule za kutwa zikajengwa vilimani, wazazi wakibeba mawe na matofali katika umuganda. Wengi wanaosoma makala haya wamelibeba jiwe mojawapo.

Hata hivyo, upanuzi huo ulikuja pamoja na mzigo mwingine. Mwishoni mwa mwaka 2008 serikali iliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia badala ya Kifaransa. Mwalimu aliyekuwa amefundisha fizikia kwa Kifaransa kwa miaka 15 alilazimika kuanza kujifunza lugha usiku ili afundishe mchana. Wanafunzi walisoma sayansi mbili kwa pamoja: sayansi yenyewe, na lugha ya sayansi. Tunapolaumu alama za miaka ile, tukumbuke mzigo huo.

Tangu wakati huo matawi ya zamani yenye majina ya Kifaransa yaliondoka, zikaja tahasusi za masomo matatu, mtindo ambao ndugu zetu wa Tanzania na Uganda wameutumia kwa muda mrefu. Unazijua herufi zake: PCM kwa fizikia, kemia na hisabati, PCB kwa fizikia, kemia na biolojia, MCB kwa hisabati, kemia na biolojia, MPC kwa hisabati, fizikia na kompyuta, MPG kwa hisabati, fizikia na jiografia. Aliyetaka uhandisi alielekea PCM. Aliyetaka udaktari alielekea PCB au MCB. Herufi hizo 3 zikawa kama jina la ukoo; kijana aliulizwa wewe ni nani, akajibu mimi ni PCB.

Kasoro yake ilikuwa hii: kijana wa miaka 15 au 16 alifunga milango asiyoijua bado. Aliyechagua PCM aliiacha biolojia. Aliyechagua PCB alibaki na hisabati ya nyongeza tu, kisha akakuta chuoni kozi inayotaka hisabati kamili. Ndiyo sababu, kuanzia mwaka wa masomo 2025/2026, tahasusi hizo zilianza kuachwa, zikachukuliwa na njia 3 pana: hisabati na sayansi, sanaa na sayansi za jamii, na lugha. Kenya nayo imeelekea huko. Wanafunzi wake wa kwanza wa sekondari ya juu chini ya mtaala mpya waliingia Januari 2026 kwa njia 3: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Kando ya njia hizi iko elimu ya ufundi, ambayo serikali ilikusudia iwapokee wanafunzi 60 katika kila 100 ifikapo mwaka 2024, pamoja na vyuo vya ualimu kama kile cha Gacuba II hapa Rubavu.

Karibu nasi, katika wilaya ya Nyabihu, kuna mfano wa mlango mwembamba sana: shule ya uandishi wa programu za kompyuta iliyoanza mwaka 2019 kwa wanafunzi 60, waliochaguliwa kwa ubora wao, hasa katika hisabati na fizikia. Ni fahari kwetu kuwa nayo jirani. Lakini ukumbuke kwamba kijana wa shule ya kutwa, aliyejifunza fizikia kwa michoro ubaoni, anashindania nafasi hizo na kijana aliyeshika waya na betri kwa mikono yake.

Yaliyobaki mikononi mwetu

Leo mtoto hupangiwa shule kwa mambo 3 makuu: alama zake katika mtihani wa kitaifa, chaguo alizojaza yeye mwenyewe kabla ya mtihani, na nafasi zilizopo katika shule husika. Hakuna kati ya hayo linalouliza baba yake ni nani. Ukilinganisha na Astrida, au na iringaniza, utaona umbali tuliotembea.

Lakini haki iliyoandikwa hukamilishwa na raia anayeitumia. Nimeona katika kazi yangu ya ualimu fomu ya chaguo ikijazwa kwa dakika 5 ukingoni mwa dirisha, mwanafunzi akinakili chaguo za jirani yake. Nimeona mzazi akimlazimisha binti achague masomo ya sayansi kwa sababu ya sifa ya jina, na mwingine akimkataza kwa sababu ni binti. Nimesikia pia minong'ono kwamba kuna mtu mjini anayeweza kubadilisha nafasi ukimpa kitu. Mnong'ono huo, msomaji, ni iringaniza inayorudi kwa mlango wa nyuma. Anayenunua nafasi humrudisha mwenzake mwenye alama katika giza lile lile la mwaka 1985.

Kwa hiyo nakusihi mambo manne.

Kwanza, fomu ya chaguo ijazwe nyumbani, kwa mazungumzo, wiki kadhaa kabla ya siku ya mwisho. Muulize mwanao anapenda kujua nini, kisha umuulize mwalimu wake anaweza nini. Majibu hayo mawili yakutane.

Pili, kabla ya kuandika jina la shule, uliza kama ina maabara, na kama maabara hiyo inatumika au imefungwa kwa kufuli. Uliza kuna walimu wangapi wa fizikia na kemia. Maswali haya si ukorofi. Shule ni ya umma, na umma ni wewe.

Tatu, matokeo yakitoka na ukaona kosa, fuata njia iliyowekwa ya kuomba marekebisho, kwa maandishi na kwa wakati. Weka nakala. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na nafasi ya mtoto ni mali.

Nne, katika kikao cha wazazi usiishie kuuliza habari za chakula cha mchana. Uliza pia kuhusu darubini, mizani na kemikali. Waliojenga madarasa kwa umuganda wana haki ya kujua ndani yake mna nini.

Kwa nini nasisitiza haya hapa Nyakiriba? Tazama tulipo. Udongo wetu ni majivu ya volkano. Nyiragongo ulilipuka Januari 2002 na tena Mei 2021, na mara hii ya pili matetemeko yalipasua nyumba na barabara za Rubavu. Mto Sebeya ulifurika Mei 2023 ukachukua watu na mali. Chini ya maji ya Ziwa Kivu imelala gesi ya methani, nayo si habari mpya: tangu mwaka 1963 mtambo mdogo wa Rubona ulikuwa ukiivuta gesi hiyo na kuipeleka katika kiwanda cha bia cha Gisenyi. Atakayeupima mlima, atakayeutabiri mto, atakayeichimba gesi bila kulihatarisha ziwa, yuko darasani sasa hivi. Huenda anaketi dawati la nyuma katika shule ya kutwa kilimani kwetu, naye hajawahi kuona mirija ya majaribio isipokuwa katika picha.

Babu yake hakuruhusiwa kufanya mtihani. Baba yake aliufanya, alama zake zikawekwa chini ya karatasi nyingine. Yeye ataufanya, na alama zake zitasomwa kwanza. Hilo limepatikana kwa gharama kubwa, na mwalimu mmoja wa kemia alikuwa miongoni mwa walioilipa.

Basi mwaka huu, simu itakapozungukwa na vichwa sita na jina likaonekana, furahi au sikitika kama ilivyo desturi. Kisha uliza swali la tatu, ambalo kwa kawaida hatuliulizi: tulimwandaaje? Jibu lake haliko katika mtandao wa mamlaka yoyote. Liko nyumbani kwako, na katika shule uliyosaidia kuijenga.